Kupanga vipande vya samani kwenye plaiwudi kwa ajili ya kukata na mashine ya CNC

Niache nafasi gani kati ya kipande na kipande? Kwa nini rafu inacheza kwenye mfuo (mfereji unaoipokea) wakati nilichora mm 18 kamili? Kwa nini mbavu zote mbili za kabati (mbao zake za pembeni) zimetoka za kulia? Maswali haya hayaishi, na karibu yote jibu lake liko kwenye mchoro, si kwenye mashine. Fundi wa msumeno akiona kipimo hakieleweki atasimama na kukuuliza. Mashine ya CNC inaongozwa na kompyuta: haiulizi, inakata ulichopanga.

Mwongozo huu ni wako kama una karakana Keko, Dar es Salaam, au kando ya Ngong Road, Nairobi, na unapeleka faili kwa mwenye mashine, au kama umenunua mashine yako ya kwanza. Tutafuata mfano mmoja: kabati la vitabu lisilo na milango, urefu mm 1800, upana mm 800, lenye mbavu 2 na mbao 6 za mlalo (ya juu, ya chini na rafu 4). Zote zitoke kwenye shiti moja ya mm 18. Mgongo ni plaiwudi ya mm 6 inayokatwa peke yake na kupigiliwa kwa nyuma, kwa hiyo hatutaugusa hapa.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Shiti yenyewe, ikiwa mbele yako. Usichore kwa kutegemea ile uliyoiona dukani wiki iliyopita.
- Kalipa inayosoma angalau sehemu ya kumi ya milimita, futi kamba, penseli na chaki.
- Biti (kisu cha mashine kinachozunguka) ya mm 6 yenye makali mawili. Kwa plaiwudi, nzuri kuliko zote ni ile ambayo makali yake ya chini yanavuta juu na ya juu yanasukuma chini, kwa sababu inalinda nyuso zote mbili za shiti. Tuiite biti ya kubana.
- Programu ya kuchorea. FreeCAD na Inkscape ni za bure. Kama unachora kwenye SketchUp, kiongezi cha OpenCutList kinatoa orodha ya vipande. Deepnest, nayo ya bure, inapanga vipande yenyewe. VCarve na Fusion zinapanga na pia kutengeneza njia ya biti.
- Majibu ya mwenye mashine kwa maswali matano: meza ya mashine ni kubwa kiasi gani? Shiti inabanwa kwa skrubu, kwa vibanio au kwa meza ya kufyonza hewa? Biti zipi zipo, na kipenyo chake halisi ni kipi? Anapokea faili la aina gani? Sifuri ya kimo (mahali kina kinapoanza kuhesabiwa) anaiweka juu ya shiti au juu ya meza?

Ukikosa jibu la swali la pili, usianze kupanga. Utaona sababu kwenye hatua ya 4.

Hatua 1: Pima shiti

Shiti ya futi nane kwa nne ni mm 2440 kwa 1220. Pima urefu na upana, kisha pima kona kwa kona pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vya mshazari vikitofautiana, shiti haina kona mraba, na huwezi kutegemea ukingo wa kiwandani kuwa ukingo wa kipande chako.

Sasa unene. Plaiwudi iliyoandikwa mm 18 mara nyingi haifiki 18. Pima sehemu nane: kona nne na katikati ya kila upande. Ingiza taya za kalipa hadi ndani kadiri zinavyofika, maana ukingo wenyewe huwa umefura kwa unyevu au umebonyea kwa kubebwa. Andika kila kipimo kwa penseli pale pale ulipopima. Shiti ya mfano wetu imesoma kati ya 17.4 na 17.7.

Pitisha pia kiganja na macho juu ya uso wote, halafu gonga kwa kifundo cha kidole kila baada ya shubiri moja. Plaiwudi nzima hutoa mlio mkavu. Ukisikia mlio mzito wa tupu, hapo tabaka la ndani lina pengo. Zungushia chaki. Pengo likiangukia chini ya mfuo au kwenye ukingo unaoonekana, utaliona siku ya kupaka vanishi, wakati umeshachelewa.

Kila shiti ipimwe, hata kama zote zimetoka fungu moja. Zipe namba.

Hatua 2: Chora kwa unene halisi

Vipimo viwili vinategemea unene.

Cha kwanza ni upana wa mfuo. Chukua unene *mkubwa* kuliko wote uliopima, ongeza 0.2. Kwetu ni 17.7 + 0.2 = 17.9. Ungechora 18.2 kwa kudhani shiti ni 18, pale penye unene wa 17.4 rafu ingelegea kwa 0.8. Gundi ya mbao haizibi pengo la namna hiyo kwa nguvu ya kutegemewa.

Cha pili ni urefu wa mbao za mlalo. Hapa tumia unene wa wastani. Mifuo yetu ina kina cha mm 6 kila upande, kwa hiyo: 800 − (2 × 17.6) + (2 × 6) = 776.8.

Usiandike namba hizi kwa mkono kila mahali. Programu nyingi zinakuruhusu kuweka unene kama kigezo kimoja kinachobadilisha vipimo vyote. Kiweke. Siku utakayoletewa shiti ya 16.8 utabadilisha namba moja tu.

Hatua 3: Andaa kipande cha majaribio

Chora kipande kidogo cha mm 100 kwa 200 chenye mifuo minne ya upana tofauti: 17.5, 17.7, 17.9 na 18.1, yote ya kina cha mm 6. Pembeni yake chora mraba wa mm 100 kwa 100. Vikatwe kwenye shiti ile ile, kwenye sehemu itakayobaki, kabla ya kazi yenyewe.

Mifuo inakuambia upi unaingia kwa kusukuma kwa kiganja bila nyundo. Huo ndio wa kutumia. Mraba unakuambia kipenyo halisi cha biti: ukitoka 100.2, biti yako ni nyembamba kwa 0.2 kuliko ulivyoiandikia programu, jambo la kawaida kwa biti iliyonolewa upya. Mfuo nao utakuwa umebana kwa 0.2 hiyo hiyo. Kwa viungo vya ulimi na tundu, kosa linajumlishwa: ulimi umenenepa 0.2, tundu limepungua 0.2, tayari vimegombana kwa 0.4.

Wanaoruka hatua hii wanasema inapoteza muda. Inachukua dakika kumi, na shiti ya mm 18 si bei ya kuchezea.

Hatua 4: Weka pambizo kulingana na namna ya kubana

Biti inapita *nje* ya mstari wa kipande. Ukiacha mm 12 kutoka ukingo wa shiti, biti ya mm 6 inakula 6 na zinabaki 6 tu. Kwa meza ya kufyonza hewa hilo linatosha. Kwa skrubu ni hatari: kichwa cha skrubu kina mm 8 hivi, na biti ikikigonga inavunjika na kuruka.

Kwa hiyo: meza ya hewa, pambizo mm 12. Skrubu, pambizo mm 25. Vibanio vya pembeni, muulize mwenye mashine vinaingia ndani kiasi gani, halafu ongeza mm 15 juu ya jibu lake.

Karakana nyingi ndogo zinatumia skrubu, kwa hiyo tuchukue 25. Eneo la kupangia linakuwa mm 2390 kwa 1170. Chora mstatili huo kwenye leya yake (tabaka la mchoro linalojitegemea) na usivuke mstari wake.

Hatua 5: Amua nafasi kati ya vipande

Kwa biti ya mm 6, acha mm 8 hadi 10. Nafasi hiyo ni zaidi ya kipenyo kimoja cha biti na chini ya viwili, kwa hiyo mikato miwili inapishana na mbao yote ya katikati inageuka vumbi.

Eneo baya ni mm 13 hadi 17. Hapo kunabaki utepe mwembamba wa mm 1 hadi 5 kati ya vipande viwili. Utepe huo hauna wa kuushika: unatetemeka, unakatika, unaingia kati ya biti na kipande chako na kuacha jeraha ukingoni. Kama lazima upite mm 10, nenda hadi 20 au zaidi ili kinachobaki kiwe na mwili.

Tutatumia mm 10.

Hatua 6: Panga, kuanzia kipande kirefu zaidi

Hapa ndipo shiti inapookolewa au kupotea.

Tuseme ulitaka kabati lenye kina cha mm 300. Safu nne za 300 na nafasi tatu za 10 ni 1230. Haziingii hata kwenye shiti nzima, achilia mbali eneo letu la 1170. Zinaingia safu tatu: mbili za mbavu na moja ya mbao tatu za mlalo. Tatu zilizobaki zinakulazimisha kununua shiti ya pili.

Punguza kina hadi 285. Nne mara 285 ni 1140, ongeza 30 za nafasi, ni 1170 kamili. Sasa ziko safu nne:

- Safu ya 1: ubavu wa kushoto, 1800 × 285
- Safu ya 2: ubavu wa kulia, 1800 × 285
- Safu ya 3: mbao tatu za mlalo. 776.8 × 3 + 20 = 2350.4, zinaingia kwenye 2390
- Safu ya 4: mbao tatu nyingine za mlalo

Kabati zima limetoka kwenye shiti moja, na vipande vinachukua karibu asilimia 79 ya eneo lake. Mwishoni mwa mbavu kunabaki mraba wa mm 580 kwa 580: hapo ndipo pa kipande cha majaribio, na panatosha pia skrubu za ziada. Mm 15 za kina hazitamuumiza mwenye vitabu. Kwa hiyo fanya hesabu ya safu *kabla* hujamuahidi mteja kipimo cha mwisho. Ukishaahidi 300, umeshaahidi shiti mbili.

Kama shiti imepinda na inainuka katikati, shusha kina hadi 280. Zile mm 20 zinazopatikana zipeleke kati ya safu ya 2 na ya 3, nafasi iwe 30 badala ya 10. Baada ya mikato miwili kunabaki ukanda wa mm 18 unaopita katikati ya shiti, unaoweza kupokea skrubu na kuikandamiza mezani.

Kuhusu nyuzi za mbao: kwenye shiti nyingi nyuzi za uso zinaenda na upande wa 2440, lakini angalia, zipo za kinyume. Ubavu nyuzi zisimame wima, rafu nyuzi ziende na urefu wake. Kwa rafu si suala la urembo tu. Rafu ya mm 777 iliyokatwa nyuzi zikipita upande mfupi itabonyea mapema sana chini ya vitabu. Ukitumia programu inayopanga yenyewe, ifunge: mzunguko uwe digrii 0 na 180 tu. Ikiachwa huru itageuza rafu digrii 90 ili kuokoa kiganja kimoja cha mbao.

Vipande vidogo, kama miguu au mbao za droo, viweke katikati ya shiti, vikubwa pembeni. Kwa meza ya hewa hili ni la lazima, kwa kuwa kipande kidogo kina uso mdogo wa kushikwa na kwenye kingo hewa huvuja.

Mwisho, weka picha ya zile duara za chaki juu ya mchoro. Sogeza vipande ili pengo la ndani liangukie kwenye mraba wa mabaki.

Hatua 7: Kushoto na kulia

Mifuo yote inachongwa kwenye uso wa juu, yaani uso wa *ndani* wa kabati ndio unaotazama biti. Mifuo yetu haifiki ukingo wa mbele. Inaishia mm 10 kabla, ili mbele pasionekane ngazi. Kwa hiyo ubavu wa kushoto na wa kulia si kipande kimoja mara mbili. Ukinakili tu, utapata mbavu mbili za upande mmoja, na hakuna namna ya kuzigeuza zikafaa.

Geuza nakala kama inavyoonekana kwenye kioo. Baada ya hapo andika KUSHOTO na KULIA ndani ya mchoro, chora mshale kuelekea ukingo wa mbele, kisha ziweke mbavu mbili ubavu kwa ubavu kwenye skrini: mifuo itazamane kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa. Zisipotazamana, bado hujageuza.

Hatua 8: Kona za ndani

Biti ni duara. Kona yoyote ya ndani itabaki na mviringo wa mm 3 kwa biti ya mm 6. Rafu yenye kona kali haitakaa.

Mahali panapofichika, toboa duara dogo linalopita kidogo kona yenyewe, la kipenyo cha mm 6.5, ili biti iweze kuingia bila kukwama. Kwa mifuo yetu iliyoishia kabla ya ukingo kuna njia safi zaidi: kata pengo kwenye kona mbili za mbele za kila rafu, mm 6 kuingia upande wa mfuo na mm 14 kutoka mbele. Mfuo umeanza kwenye 10, ulimi wa rafu unaanza kwenye 14, na zile mm 4 zinapisha mviringo wa pande zote mbili. Ukingo wa mbele wa rafu unalala sawa na ukingo wa ubavu na hakuna shimo linaloonekana.

Kama kabati lako lina milango, tundu la bawaba ya kawaida ni kipenyo mm 35, kina mm 13, kitovu chake mm 22.5 kutoka ukingo wa mlango. Hakikisha kwenye karatasi ya bawaba uliyonunua. Kumbuka plaiwudi ya 17.4 inabakiza mm 4.4 tu chini ya tundu hilo, basi biti yenye ncha ndefu ya kati itatokea upande wa pili.

Hatua 9: Vishikizo

Kipande kilichokatwa pande zote hakishikwi na chochote. Kwa hiyo unaacha madaraja madogo ya mbao yanayokiunganisha na shiti hadi mwisho.

Upana mm 8, unene mm 3. Kwa ubavu wa 1800: vitatu kila upande mrefu, kimoja kila upande mfupi. Kwa rafu: viwili kila upande mrefu, kimoja kila upande mfupi. Usiviweke kwenye kona wala kwenye mviringo, na usiweke vishikizo vya vipande viwili jirani mahali tofauti kabisa: kwa nafasi ya mm 10 mikato inapishana, na mkato wa kipande cha pili utakifyeka kishikizo cha kwanza. Vipange vitazamane, ana kwa ana. Kosa hili halionekani kwenye mchoro. Linaonekana siku ubavu unapoanza kucheza huku biti ikiwa imezama.

Kwenye meza nzuri ya hewa unaweza kuacha ngozi ya mm 0.4 chini ya kila kipande badala ya vishikizo, ukaimalizia kwa pito (mpitisho wa biti) la mwisho. Usijaribu hilo kwenye skrubu.

Hatua 10: Leya na utaratibu wa kukata

Kila aina ya kazi iwe na leya yake, na jina lieleze kina:

1. ALAMA_SKRUBU_2: vitobo vya kina cha mm 2 vinavyoonyesha mahali pa kupiga skrubu. Mashine inavitia kwanza, inasimama, unapiga skrubu, inaendelea. Hakuna tena kukisia.
2. TUNDU_35_13 au matundu mengine yoyote.
3. MFUO_6.
4. KATA_NDANI.
5. KATA_NJE, vipande vidogo kwanza, vikubwa mwisho.

Kata za nje zinakuja mwisho kwa sababu shiti ikishaanza kuachana haina ugumu wake tena. Mfuo uliochongwa kwenye kipande kilicholegea hauendi sawa.

Kasi za kuanzia kwa biti ya mm 6 yenye makali mawili: mizunguko 18,000 kwa dakika, mwendo mm 4,000 kwa dakika, kina mm 6 kwa kila pito. Mashine nyepesi ishushe vyote viwili pamoja, mfano 12,000 na 2,600. Ukishusha mwendo peke yake na kuacha mizunguko juu, biti inasugua badala ya kukata, inapata moto na kuchoma mbao. Kwa biti ya kubana, pito la kwanza lazima lizame kupita sehemu ya makali yanayovuta juu, vinginevyo itang'oa tabaka la uso kama biti ya kawaida.

Hatua 11: Kagua faili

- Vipimo ni milimita na mchoro ni wa ukubwa halisi (1:1), haujapunguzwa. Pima ubavu ndani ya faili la mwisho: usome 1800.
- Kila umbo limefungwa. Pengo la sehemu ya kumi ya milimita linatosha programu kukataa.
- Hakuna mstari juu ya mstari. Mistari pacha inakata mara mbili.
- Duara ni duara halisi, si msururu wa mistari mia mbili midogo inayofanya mashine itetemeke.
- Mstatili wa shiti uko kwenye leya yake, usikatwe.

Tuma DXF (faili la mchoro wenyewe) pamoja na PDF yenye picha ya mpangilio, orodha ya vipande, unene uliopima na upande wa nyuzi. Mwendesha mashine anapoona namba mbili zisizolingana atakupigia simu. Akiwa na DXF peke yake hana cha kulinganisha.

Hatua 12: Mezani

Chini ya shiti kuwe na ubao wa kulalia, kwa kawaida MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), ili biti ipitilize bila kugusa meza. Sifuri ya kimo iweke juu ya ubao huo, si juu ya shiti, kisha kata hadi mm 0.2 chini ya sifuri. Hivyo kata inatoka hata pale shiti ilipo nene. Jua tu kwamba kina cha mfuo kitapanda na kushuka kidogo pamoja na unene wa shiti. Kinachobaki sawa ni mbao iliyo chini ya mfuo.

Endesha kwanza biti ikiwa mm 20 juu ya shiti na uangalie njia yote, hasa karibu na skrubu. Vaa barakoa ya vumbi na miwani. Usinyooshe mkono kuokota kipande mashine ikiwa inazunguka, hata kama kimelala mbali na biti.

Mambo yakienda kombo

*Mchoro umefunguka mdogo au mkubwa mara 25.4.* Programu moja imesoma inchi na nyingine milimita. Badilisha kipimo wakati wa kuingiza faili, usivute mchoro kwa mkono.

*Mfuo mmoja umebana, mwingine umelegea, kwenye shiti moja.* Unene wa shiti haulingani. Mfuo uliochorwa kwa unene mkubwa utalegea mahali pembamba. Rafu zilizotoka sehemu nene piga msasa mwisho wake, usipanue mifuo yote.

*Ukingo wa juu umechanika nyuzi.* Biti inayovuta juu, au butu. Badili, au punguza kina cha pito. Ukingo wa *chini* ukichanika, shiti haikulala vizuri juu ya ubao wa kulalia, au ubao huo umejaa mifereji ya kazi za zamani na hauna cha kuegemea nyuzi. Usawazishwe upya.

*Ukingo mweusi na harufu ya moshi.* Mwendo mdogo kwa mizunguko mingi, au vumbi halifyonzwi na linakatwa tena na tena mferejini.

*Upande mmoja wa shiti haukukatika hadi chini.* Ubao wa kulalia umeinama, au kuna kipande cha takataka chini ya shiti. Usishushe biti mm 1 zaidi kwa kazi nzima. Inua shiti, fagia, pima tena.

*Kipande kimesogea mwishoni mwa kata.* Vishikizo vichache au vimefyekwa na kata ya jirani. Rudi hatua ya 9.

*Kabati halisimami mraba ingawa kila kipimo ni sahihi.* Pima mishazari ya ubavu. Kwa 1800 × 285 kila mmoja uwe karibu 1822.4. Ukitofautiana na mwenzake, daraja la mashine (boriti inayobeba biti) limekwenda upande na halina pembe mraba na meza. Hilo ni la mwenye mashine kurekebisha, na hakuna mchoro utakaoliponya.

*Mbavu zote mbili ni za kulia.* Pima ubavu uliozidi, uandike vipimo, uweke na mabaki. Bado una mbao ya 1800 kwa 285, inayoweza kukatwa vipande vifupi vya kazi ijayo kati ya mfuo na mfuo.